Depeche Mode wameshika gita, na mi nimewaelewa

Wiki nzima nimekomaa na Songs of Faith and Devotion, albamu ya bendi ya Depeche Mode. Ya 1993 najua, nimechelewa, msinianze. Ila mi hawa jamaa wa Uingereza niliwajulia kwenye Just Can't Get Enough ya 1981, sintesaiza tupu, kamuziki kepesi ka kuchezea sebuleni, ndo nikawaweka kwenye fungu hilo nikamaliza.

Sasa juzi napanda kosta Uyole naenda Tukuyu, nyimbo 10 zote nimeshashusha, naweka hedifoni, I Feel You inaanza na mlio kama mtu anakwangua bati halafu linaingia gita hilo zito la kiroki, nikatoa simu mfukoni kuangalia kama nimegusa faili lingine. Kumbe ndo wenyewe! Dave Gahan, mwimbaji wao, alikuwa amehamia Marekani akarudi na nywele ndefu na matatuu anataka roki, mwenzake Alan Wilder nae akakaa kwenye drams akapiga kwa mikono yake, halafu wakazikatakata na kuzizungusha kwenye mashine. Kwa hiyo mashine bado ipo, ila sasa inatoka jasho. Sikiliza Walking in My Shoes vizuri utaona, mi ilinikuta Isyonje ukungu umefunga hata mbele hapaonekani, acha kabisa.

Sasa Condemnation. Mi nimekulia kwaya ya Moravian, mtu akiimba kwa koo tu najua, hapa Gahan anaimba kwa kifua, taratibu, kama mtu kasimama mbele ya wazee wa kanisa anasomewa mashtaka. Get Right with Me wameleta kabisa waimbaji wa gospo lakini Mungu anisamehe, naona wimbo umevalishwa joho tu.

Rush naruka kila mara. Judas inafunguliwa na zumari la mfuko la Ayalandi, nzuri, ila inanipa usingizi.

Jioni nikaiplei kwa spika ya simu jikoni kwa bibi, anakoka moto, ilipofika Condemnation akauliza, "Mjukuu wangu, hii kwaya ya usharika gani?" Nikamwambia ya Uingereza, bibi. Akasema rudisha mwanzo. Nikarudisha, nikakaa tayari kuizima kabla wimbo unaofuata, Mercy in You, haujaanza.