Nilipanga chumba kando ya lami Igoma, mvua ikanionyesha ukuta

Kama una kodi mkononi na dalali anakupeleka kuona chumba kando ya barabara ya Musoma hapa Mwanza, popote kati ya Buzuruga na Kisesa, kabla hujauliza bei zunguka nyumba nzima uangalie kuta za nje. Anza na ukuta unaotazama lami. Ukikuta rangi ya ukuta huo ni mpya kuliko ya kuta nyingine zote, panda daladala urudi ulikotoka. Mengine nitakayoandika unaweza kuyaacha, maana kila mtu na maisha yake, ila hilo nakuomba ulishike.

Nafanya biashara ya dagaa. Mzigo nachukua Mwaloni, Kirumba, nafunga kwenye magunia na kutuma kwa mabasi. Kwa kazi hii mtu hakai kokote tu. Nimekaa mlimani, Mabatini, kwenye nyumba zilizopandana juu ya mawe, na waliokaa kule wanajua: maji yana siku zake, na kila kitu kinapanda kwa kichwa au kwa mgongo, ndoo, mkaa, hata mgonjwa. Bodaboda anakushusha chini kabisa, anageuza. Gunia la dagaa unamlipa kijana alipandishe jioni, unamlipa tena alishushe alfajiri, faida inaishia njiani. Ndiyo maana niliposikia chumba na sebule Igoma, choo ndani, luku ya peke yangu, lami mlangoni, na stendi ya Nyamhongolo iko mbele tu, sikulala usiku ule kwa furaha. Bei na ukubwa wa vyumba siandiki, hayo dalali yeyote atakutajia.

Na kwa muda nilifurahi kweli. Nafungua mlango alfajiri, usafiri wa mjini uko mbele yangu. Jioni nikichelewa Mwaloni sina hofu ya vichochoro, taa zinawaka, mama ntilie bado wanauza, vijana wa bajaji wananijua kwa jina. Mzigo unatoka ndani mpaka kwenye gari bila kumlipa mtu wa kubeba. Hilo la mzigo peke yake lilinifanya nimsifie dalali yule kwa wanawake wenzangu pale Mwaloni, na wawili wakaomba namba yake.

Kelele niliambiwa nitazizoea. Sikuzizoea. Mchana zinavumilika kwa sababu na wewe uko kwenye pilikapilika zako, fundi wa kuchomelea kwenye fremu ya pili anachomelea, grosari inapiga muziki, unajisemea ndiyo mjini. Shida ni usiku. Barabara hii inakwenda Musoma na kuendelea mpaka mpakani Sirari, kwa hiyo magari madogo yakishalala malori yanapata nafasi ya kukimbia. Mbele ya nyumba yetu kuna rasta, yale matuta madogo madogo ya kupunguza mwendo. Lori likizikanyaga kwa mwendo, kitanda kinatikisika, vioo vya dirisha vinalia, masufuria yanagongana kabatini. Na lori tupu ni baya kuliko lenye mzigo, maana bodi lote linapiga kelele. Unashtuka, unageuka upande wa pili, usingizi unaanza kurudi, linakuja lingine. Dalali alinileta kuona chumba Jumapili mchana, na dalali anajua anachofanya. Chumba cha barabarani nenda kakione usiku wa siku ya kazi, saa tano au saa sita, simama chumbani kimya usikilize.

Vumbi nalo. Kiangazi daladala zinapishana kwa kukanyaga pembeni, kwenye udongo, na udongo wote unaingia dirishani. Mwenye biashara ya mitumba atakung'uta. Dagaa akishaingia mchanga hakung'utwi, mteja anaujua akitafuna mara ya kwanza tu, na hapo umempoteza. Ikabidi nifunge madirisha mchana kutwa na kuweka maturubai ndani, joto likawa la kukata pumzi.

Na mtoto wa dada yangu niliyekuwa nakaa naye anasoma ng'ambo ya barabara. Kisheria gari likipita kwenye makazi mwendo ni kilometa 50 kwa saa, na kibao kipo. Madereva wanakipita kama hawakioni. Asubuhi nilikuwa naacha kila kitu kwenda kumvusha, na siku nilizoamkia Mwaloni mama jirani ndiye aliyekuwa anamvusha pamoja na wanawe. Mwenye mtoto mdogo sana asiyeshikika, mimi ningemwambia asisogee kabisa. Lakini naona watoto wengi pale wanakua, wanaijua barabara kuliko sisi, kwa hiyo hata hili silisemi kwa kufunga.

Yote hayo nilishayaweka kwenye hesabu ya mjini. Sasa nisikilizeni la ukuta.

Ilikuwa mvua za vuli zimeanza, ile mvua ya ziwani inayokuja na upepo na kupiga nyumba kwa ubavu. Ilinyesha usiku kucha. Asubuhi natoka na mswaki mdomoni, nakuta mama jirani amesimama upande wa barabarani, mikono kiunoni, anatazama ukuta wetu. Nikamwamkia. Akaitikia, halafu akasema bila kugeuka, "Imerudi."

Nikamuuliza nini imerudi, mama? Akanionyesha kwa kidevu. Chokaa ilikuwa imechuruzika yote mpaka chini, na pale katikati ya ukuta imetokea X, kubwa, nyekundu, karibu na kimo changu. Mama wa watu akaniangalia usoni akaona sijui chochote, akaanza kuona aibu yeye. Kumbe mtaa mzima unajua. Muuza chipsi anajua, fundi wa kuchomelea anajua, dalali anajua. Ile chokaa ilipakwa wiki ile ile niliyoletwa kuona chumba.

Kwa asiyejua habari za X, ni alama ya serikali kwamba nyumba iko kwenye eneo la barabara na inaweza kubomolewa, nieleze kidogo. Barabara kuu ina eneo lake linaloitwa hifadhi ya barabara. Kwa Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 hifadhi hiyo ni mita 30 kila upande kutoka katikati ya barabara. Kabla ya hapo ilikuwa mita 22.5. Kwa hiyo kuna watu waliojenga nje ya eneo kabisa, sheria ikaja ikawakuta ndani. Hao nyumba zao huwekwa X ya kijani, wana haki ya fidia siku eneo likihitajika. X nyekundu ni ya aliyejenga ndani ya hifadhi, na huyo hana anachodai. Waliokuwa Dar es Salaam mwaka 2017 wanakumbuka Kimara, tingatinga zilivyopita Barabara ya Morogoro na watu wakabaki na mabati mikononi. Na hata pale penye fidia, fidia ya jengo ni ya mwenye jengo. Mpangaji aliyelipa kodi ya miezi mbele hayumo kwenye karatasi yoyote. Magunia yangu, kitanda changu, kodi yangu, vyote vilikuwa vimekaa nyuma ya ile X huku mimi nikisalimiana na watu kila asubuhi wanaojua.

Jumapili iliyofuata nikaazima futikamba kwa fundi, nikaenda na kijana wa bajaji alfajiri magari yakiwa machache, tukapima kutoka katikati ya lami. Hatukufika hata mita 20, tukagonga ukuta. Yaani nyumba iko ndani hata kwa ile sheria ya zamani. Kupima kwenyewe hakukuchukua muda wa kuchemsha chai. Mwenye nyumba ameishi na jengo hilo miaka yote, haniambii hajui.

Nikampigia simu. Akasema atakuja mwisho wa wiki, hakuja. Nikampigia tena, akaja jioni moja na pikipiki, amevaa koti lake, mtu mzima, ana wajukuu. Nikampokea kwa shikamoo kama nilivyofundishwa kwetu. Hakuitikia. Nikamletea kiti, hakukaa. Nikamwambia mzee, mimi sitaki ugomvi, naomba unirudishie kodi ya miezi iliyobaki nitafute pengine, maana hii alama hukuniambia. Akaniangalia kuanzia miguuni mpaka kichwani, mbele ya majirani, mbele ya wateja wa grosari, akasema:

"Wewe binti, ulipanga chumba au ulipanga ukuta? Ukuta ni wangu."

Watu wakacheka. Akawasha pikipiki akaondoka.

Nimelirudia neno hilo kichwani mara nyingi kuliko nilivyopenda. Nikiwa nafunga gunia, nalisikia. Nikiwa kwenye daladala, nalisikia. Mtu amechukua hela yangu ya miezi sita kwa mkupuo, hela ya kusimama kwenye matope ya Mwaloni kabla jua halijatoka, amepaka chokaa juu ya alama ya serikali ili nisiione, halafu ananiuliza swali la kunidhalilisha. Dalali ndiye alinimaliza. Alisema kazi yake ni kuonyesha nyumba, maandishi yaliyo kwenye nyumba si kazi yake, na hela ya dalali hairudi. Mwezi mzima wa kodi, ndiyo hela aliyokula huyo. Mwenyekiti wa mtaa alinisikiliza vizuri, aliuliza mkataba, nikampa. Mkataba unataja tarehe, kodi na kwamba mpangaji asipige misumari ukutani bila ruhusa. Habari ya hifadhi ya barabara haimo.

Ile wiki ningekuandikia kwamba usikae kando ya barabara kuu maisha yako yote, hata upewe bure. Niliwaambia hivyo wenzangu, niliwaambia hivyo ndugu zangu Magu. Lakini hasira ikishuka kidogo nikawa najiuliza naikasirikia lami au namkasirikia mtu. Maana nilizunguka kutafuta pengine. Nilikwenda Buhongwa, nako ni barabara kuu, malori ya Shinyanga na ya Usagara yanapita vilevile, na chumba nilichoonyeshwa ukuta wake wa mbele ulikuwa na rangi mpya, nikaondoka bila kuaga. Nilipanda tena milimani kuangalia Bugarika. Ziwa unaliona lote, upepo mzuri, usiku kimya, nikatamani. Halafu nikamwona mama mmoja anapanda na ndoo kichwani na mtoto mgongoni, goti linatetemeka kila hatua, nikakumbuka magunia.

Sasa niko Igoma ileile. Mstari wa pili, nyuma ya nyumba za mbele, kiwanja kilichopimwa, na safari hii mwenye nyumba ni mama aliyenitolea hati mwenyewe kabla sijauliza. Futikamba nilikwenda nayo. Malori nayasikia lakini kitanda hakitikisiki, kwa sababu zile nyumba za mbele zinapokea kishindo chote. Mzigo nausukuma kwa toroli mpaka barabarani, ni umbali wa kuongea maneno mawili na mtu. Vumbi limepungua, halijaisha. Kwa hiyo kwa mtu wa biashara kama yangu, ndiyo, nakushauri ukae karibu na barabara kuu, karibu lakini nje ya mita 30, ukiwa umepima mwenyewe. Usipimiwe na dalali. Ukitaka kuwa na uhakika zaidi nenda TANROADS mkoani, wakala wa serikali wa barabara kuu, na za mitaa watakuambia TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini.

Nilikuwa nimekusudia kuishia hapo kwa amani. Ila juzi nimepita mbele ya ile nyumba nikiwa kwenye bajaji. Ukuta umepakwa upya, na mara hii si chokaa, ni rangi ya mafuta, bluu ya kung'aa, mvua haitaitoa. Kuna kibao, chumba kinapangishwa, na dirishani kwangu binti mmoja anapima pazia. Nikamwambia kijana asimamishe. Nikashuka, nikamwita nje yule binti, nikamshika mkono nikampeleka ukutani, nikamwonyesha X ilipo chini ya ile bluu. Ukisimama kwa ubavu jua la jioni likiwa linapiga, mistari yake unaiona. Alikuwa ameshalipa.

Kwa hiyo mzee, najua wanao wana simu na watakusomea. Miezi yangu iliyobaki nakudai, na sasa tuko wawili. Mkataba wangu ninao, picha ya ukuta ile asubuhi ya mvua ninayo, na yule binti nimeshampa futikamba.