Modeli ya Lancaster ya kuunga mwenyewe: imefika Kigoma, nimeiunga, maoni yangu haya hapa

Watu wawili watatu hapa Mwanga wameshaniuliza kama hizi ndege za plastiki za kuunga zina thamani ya ile hela, sasa naandika mara moja nisije nikarudia rudia. Mi nilichukua Lancaster, ile ndege ya mabomu ya Waingereza ya vita ya pili, skeli ya 1/72 (yani ndogo mara 72 kuliko ya kweli), kwa muuzaji mmoja wa Dar, laki na arobaini, ikaja na basi. Nilimwambia mama watoto naenda stendi kuchukua kiti ya ndege (kit, yani seti ya vipande vya kuunga), nimerudi nikamkuta kashasogeza makochi anasubiri kiti kweli 😂

Boksi lilikuwa limebonyea upande mmoja. Ndani vipande vingi mno, rangi hamna, gundi hamna (andaa hela nyingine pembeni), na kile kioo cha bunduki ya mkiani kimepasuka katikati. Nikampigia muuzaji, akaniambia eti ni mtikisiko wa barabara, ukimpigia tena hapokei. Hapo namkata nyota mbili, sina mjadala.

Lakini modeli yenyewe aisee. Ikikamilika ina kama sentimita 43 kutoka ncha ya bawa hadi ncha ya bawa, meza ya kulia haitoshi kuwekea na sahani. Kilichonishika ni ndani. Kuna ule mhimili wa mabawa unaopita katikati ya mwili wa ndege, ukishaubandika ndo unaelewa kwamba wale watu saba waliokuwa wanaruka nayo walikuwa wanaupanda kama ukuta kila wakitaka kupita mbele au nyuma, na minguo yao mizito, gizani. Mpiga bunduki wa mkiani ndo usiseme, kibanda chake kidogo hata parachuti haliingii, analitundika nje ya mlango, yani ndege ikiwaka moto anatakiwa kwanza ageuke afungue mlango alifuate. Nilikuwa nimesoma kwamba Bomber Command, kikosi cha ndege za mabomu cha Waingereza, walikufa watu 55,573 kati ya kama 125,000, nikaisoma tu ikapita. Nilivyomgundisha yule kijana wa plastiki mle mkiani, miguu haienei, nikakaa kimya kidogo.

Stika zake ni za ndege moja ya kweli, R5868, waliiita S for Sugar. Hii imeruka misheni 137 wakati Lancaster karibu nusu ya zote 7,377 zilizotengenezwa zilipotea. Kuanzia 1942 imo vitani, Novemba 1943 usiku wa kushambulia Berlin ikagongana angani na Lancaster mwenzake, ikarudi imeharibika, ikatengenezwa, ikaendelea. Puani waliichora vibomu vidogo, kimoja kwa kila safari, na pembeni wakaandika maneno ya Göring, mkuu wa jeshi la anga la Ujerumani, kwamba hakuna ndege ya adui itakayoruka juu ya ardhi ya Ujerumani. Dharau ya kiwango cha juu. Kubandika hivyo vibomu kwa kibanio cha nyusi cha shemeji kumenila jioni mbili nzima, feni imezimwa, jasho linatiririka.

Baada ya vita ikasimamishwa getini kambi ya jeshi la anga ya Scampton, Uingereza, kuanzia 1959, mvua yake jua lake, mpaka walipoiingiza kwenye jumba la makumbusho la RAF (jeshi la anga la Uingereza) pale Hendon, London, mwaka 1972, na ipo mpaka leo. Hilo la kuwa ndani ya paa ndo limeiokoa, maana chuma kikiachwa nje kinaisha, sisi wa ziwani tunajua, angalia boti zilizolala ufukweni.

Halafu tusijione tuko mbali na mambo haya. Mwaka 1916 Wabelgiji walitoa ndege zao za kutua majini ng'ambo ya ziwa wakaja kudondosha mabomu hapa hapa bandarini Kigoma, wakiilenga meli ya Graf von Götzen ya Wajerumani, ambayo ndo hii hii Liemba yetu. Modeli ya ile ndege akiileta mtu mi nanunua siku hiyo hiyo, hata akinipiga bei.

Turudi kwenye kile kioo kilichopasuka. Nilihangaika nacho wiki nzima, nikajaribu gundi ikaweka ukungu, ikawa mbaya zaidi. Mwishoni nikaja kugundua kwamba wenyewe wale wa mkiani wengi walikuwa wanakitoa kioo cha mbele yao makusudi, kisiwazibe, maana usiku doa dogo tu kwenye kioo unadhani ni ndege ya adui, bora baridi. Nikachukua wembe nikakikata kile kipande chote nikakitupa. Sasa iko sahihi kuliko ilivyotoka kiwandani, ila nyota za muuzaji sirudishi. Tatu kati ya tano.