Seti ya vichupa vya kuoteshea money plant: mezani inapendeza, shingo yake ndo kimeo

Wadau mnaoniuliza inbox kuhusu ile seti ya kuoteshea maua kwenye maji, ile stendi ya mbao yenye vichupa vitatu vya kioo tumbo nene shingo nyembamba, ninayo na nimeshaitumia vya kutosha tu, kwahiyo naomba niseme yangu yote hapa mara moja. Nilichukua kwa elfu thelathini na tano mtandaoni hapa hapa Dar, hela ya boda juu yangu. Ndani ya boksi unakuta mbao mbili unazifunga mwenyewe kwa skrubu, vichupa vyenyewe vimezungushiwa sponji, na kipakti cha unga mweupe eti wa kutoa mizizi, kipakti hakina maandishi yoyote zaidi ya picha ya jani. Brashi ya kusafishia hamna, shikeni hilo maana tutalirudia.

Nikianza na mazuri, stendi imekaa vizuri haiyumbi, kioo ni chepesi ila hakijanipasukia, na ukiweka mezani mgeni yeyote akiingia lazima aulize. Mizizi unaiona ikitoka, na hiyo raha siwezi kuikataa hata kidogo, watoto wa nyumbani walikuwa wakiamka wanakimbilia kwenye vichupa kabla hawajanawa uso.

Sasa tangazo linasema weka jani lolote kwenye maji, sahau, litaota. Hapana jamani. Jani lolote haliwi mti. Money plant ukiishika ile kamba yake inayotambaa, kila pale jani linapotokea pana kifundo, na ukigeuza upande wa pili utaona kinundu cha kahawia kimechomoza kidogo, ule ndo mzizi unasubiri unyevu. Pingili unayokata lazima iwe na kifundo angalau kimoja na hicho kifundo ndo kizame kwenye maji, wakati jani lenyewe libaki juu maana likizama linaoza na maji yananuka. Ukichuma jani na kikonyo chake tu bila kifundo linaweza hata kukupa mizizi ukafurahi, litakaa hivyo hivyo miezi na miezi, kamba mpya haitoki ng'o, kwasababu jicho la kuchipua liko kwenye kifundo na wewe umeliacha kwenye mti mama. Mtu aliyewahi kupanda marando ya viazi haitaji kuelezwa sana, ni mambo yale yale.

Mimi niliotesha ile yenye mabaka meupe, Marble Queen, niliyoichukua kwenye kitalu cha pembeni ya barabara ya Bagamoyo, na hapa kuna kitu wauzaji wa mtandaoni hawasemi. Kwenye hii yenye mabaka usikate tu popote, angalia shina. Kama shina lina mistari meupe na kijani imechanganyika, chipukizi la kwenye kifundo hicho lina nafasi nzuri ya kuja na mabaka. Ukikata kipande ambacho shina lake lote ni kijani, usije kushangaa kamba nzima inatoka kijani tupu af unasema umetapeliwa. Na kile kipande kinachovutia kuliko vyote, cheupe pee, ndo kibaya zaidi, sehemu nyeupe haina ule ukijani wa kutengeneza chakula, kwahiyo kitajikongoja wee mwisho kinakauka. Ndo maana pia hii inaenda taratibu kuliko money plant ya kawaida ya kijani na njano, nyumbani nimeziweka dirisha moja, ile ya kawaida imeshajaza mizizi, hii nyeupe ndo kwanza inatoa vincha. Sio ugonjwa wala sio kosa la chupa.

Ule unga sasa. Nilimuonyesha yule kijana wa kitaluni akacheka, akaniambia "dada angu, huu wa nini, hii yenyewe ukiitupa chini tu inashika." Na kweli. Unga wa mizizi, ule halisi, una homoni ya jamii ya oksini, ile inayoamsha mizizi, na unatumika kwa kuchovya ncha ya pingili mbichi kisha unachomeka kwenye udongo. Kwenye maji unakung'utika wote unabaki chini ya chupa kama matope, basi. Na money plant haiuhitaji hata kidogo, labda ungekuwa unaotesha miti migumu kama waridi hapo tungeongea. Halafu unga usio na jina wala maelekezo, kwenye nyumba yenye watoto, mimi wangu umeishia kwenye dasibini.

Haya, shingo. Hapa ndo pananikera. Shingo ya kichupa ni nyembamba, kidole changu kidogo kinapita kwa shida, na mizizi ya money plant haitoki uzi mmoja ulionyooka, inatoka mmoja, unatanuka, unatoa matawi pembeni, mwisho unajaza tumbo lote la chupa. Siku ya kutoa ndo utajua. Ukivuta, mizizi ya pembeni inakatika yote kwenye shingo unabaki na mzizi mmoja upara. Dawa yake niliyoigundua, zamisha kichupa chote kwenye beseni la maji, kigeuze kichwa chini, mizizi italegea na kujikusanya, halafu unavuta polepole huku unazungusha. Inasaidia, ila bora zaidi uitoe mapema, mizizi ikifika urefu wa sentimita tatu mpaka tano inatosha kabisa kwenda kwenye udongo. Wanaoiacha miezi ili ijaze chupa kwa ajili ya picha wanajipa kazi mara mbili, kwasababu mizizi iliyozoea maji ikihamia kwenye udongo inashtuka, na ikiwa mirefu ndo inashtuka zaidi.

Shingo hiyo hiyo inaleta kero ya pili, usafi. Kioo ni cheupe kabisa, kikipigwa na mwanga kwa joto letu hili utando wa kijani unaanza kupanda ukutani kabla hata mzizi haujatoka. Hauui mmea, ila unaleta uchafu na unaondoa ule uzuri wote ulionunulia. Brashi haingii. Mimi natumia mchele, konzi moja na maji kidogo na tone la sabuni, natikisa kwa nguvu, ile njia ya mama zetu ya kuoshea chupa ya chai, inatoka safi. Ukitaka kupunguza tatizo zungushia karatasi, lakini sasa ukishazungushia karatasi stendi ya elfu thelathini na tano umeinunulia nini?

Na la tatu ni mbu, hili sisemi kwa utani. Dar tumepita kwenye milipuko ya dengue, 2014 na 2019, na mbu wa dengue anayeuma mchana anapenda hasa vyombo vidogo vya maji safi ndani ya nyumba, vesi za maua zimo kwenye orodha. Anataga mayai pembeni, kwenye ukuta wa chombo juu kidogo ya maji, na yai linabaki limeganda pale hata ukimwaga maji. Kwahiyo kumwaga na kujaza peke yake haitoshi, usugue. Kwa joto letu kutoka yai mpaka mbu anayeruka ni kama wiki hivi au siku chache zaidi, ndo maana maji yasivuke wiki, mimi huwa nabadili Jumatano na Jumapili nikiwa napiga deki. Muuzaji akikwambia "bila matunzo" mwambie aje aondoe viluwiluwi yeye.

Maji yenyewe nayo yana habari yake. Wengi wetu tunatumia visima, na visima vingi vya Dar vina chumvi, chai tu inakataa. Pingili kwenye maji hayo inasinyaa, ncha za majani zinaungua kahawia, na ile sehemu nyeupe ndo inaonyesha mapema kuliko zote. Tumia ya bomba uliyoyaacha wazi kwenye ndoo usiku kucha, au ya mvua, na mwenye AC maji yale yanayodondoka nje kwenye paipu nimeyatumia hayana shida. Kichupa hiki kinachukua maji kidogo sana, feni ikiwa inapuliza upande huo yanapungua haraka mpaka kifundo kinabaki juu kimekauka, kwahiyo chungulia kila siku.

Mwanga: karibu na dirisha lenye pazia jepesi. Jua la saa sita likipiga moja kwa moja linababua yale mabaka, na kioo kinapasha maji. Ukiweka kona ya giza kwenye korido itaishi, hii kitu ni ngumu kufa, ila majani mapya yatazidi kuja ya kijani maana inajitafutia chakula.

Baada ya hapo ni udongo, na hapa stendi haina msaada, nasema tu kwasababu mtaniuliza. Mimi nachanganya udongo mweusi, pumba za mpunga na samadi iliyooza vizuri, chungu kiwe na matundu chini. Pingili tano sita pamoja kwenye chungu kimoja, usipande moja moja, kamba ya money plant haipendi kutoa matawi na ukipanda moja utapata uzi mmoja mrefu unaning'inia kwa aibu. Wiki mbili tatu za mwanzo udongo usikauke. Ukikata vaa hata mfuko mkononi kama ngozi yako nyepesi, utomvu wake unawasha, na jani likitafunwa linachoma mdomo na koo, kwa mtoto na kwa paka vile vile, kwahiyo ile stendi isiwe kwenye stuli ya chini.

Duka hilo hilo nimeona wanauza pia "mbegu za money plant" za rangi ya bluu na pinki. Msinunue, nawaomba. Money plant asili yake kisiwa cha Mo'orea kule Polinesia ya Kifaransa, na karibu haitoi maua kabisa, ina hitilafu kwenye kutengeneza homoni ya jiberelini inayoamsha maua, kwahiyo mbegu za kuuza zinatoka wapi? Zote mnazoziona mjini, hata ile iliyopanda kwenye mnazi wa jirani ikawa na majani makubwa kama sinia, zimetokana na kukata pingili tu. Bluu haipo.

Nyota zangu tatu kwa tano. Mbili nimekata kwa shingo na kwa ule unga. Kama unataka mizizi tu, chupa ya maji ya lita moja iliyokatwa juu au kopo la jamu linatoa mizizi ile ile kwa muda ule ule, nimeweka pembeni nikalinganisha. Kama ni zawadi, au una meza ya ofisini inayokutazama vibaya, chukua, ila usichukue hii ya tumbo, kuna nyingine ya mirija iliyonyooka mdomo mpana, bei wanaachana elfu tano tu, mwambie muuzaji akupigie picha ya mdomo wa chupa kabla hujatuma hela, na kama kidole gumba hakiingii achana nayo.