Darubini ya milimita 70: msiirudishe dukani kwa sababu ya Zuhura

Niliinunua Kariakoo Desemba 2024 kwa shilingi 280,000. Kioo cha mbele ni milimita 70, na lenzi zake mbili za kutazamia zinakuza mara 28 na mara 70. Naipa nyota nne kati ya tano. Nyota ya tano imeondoka na stendi: ukiigusa tu, kila kitu kinatikisika. Nimening'iniza mfuko wa mchanga katikati ya miguu, sasa inatulia.

Muuzaji aliniambia kuna wateja walioirudisha wakidai lenzi ina ukungu, maana Zuhura inaonekana nyeupe tupu, haina alama hata moja. Jamani, lenzi haina kosa. Zuhura ndivyo ilivyo! Imefunikwa kote na mawingu ya matone ya asidi ya salfa, kipenyo cha kila tone kama maikromita mbili, yaani sehemu mbili za elfu za milimita. Tone la ukubwa huo ni kubwa kuliko urefu wa mawimbi ya mwanga, hivyo linatawanya rangi zote karibu sawasawa, na zikichanganyika tunaona weupe. Takriban robo tatu ya mwanga wa jua unaoifikia hurudishwa angani. Hata ukinunua darubini ya mamilioni, jicho lako halitaiona ardhi iliyo chini ya mawingu hayo.

Uzuri wake ni umbo. Jioni ya tarehe 1 Machi 2025 mwezi mchanga ulikuwa karibu na Zuhura. Binti yangu alitazama mwezi kwanza, kisha nikaigeuza darubini. Akanyamaza kidogo, akauliza, "Baba, na huu nao ni mwezi?" Alikuwa anaiona Zuhura ikiwa hilali nyembamba, kali kama taa. Kichujio cha mwezi kinachokuja na boksi kinapunguza ukali huo vizuri.

Kwa Mirihi msitegemee mengi: kidoa cha rangi ya chungwa. Ila inafaa kujua kwamba vumbi laini la huko hutawanya mwanga wa buluu kuelekea mbele, kwa hiyo jua likizama, pembeni yake huwa buluu. Chombo cha Curiosity kilipiga picha hizo Aprili 2015.

Ndani ya boksi mtakuta pia kichujio kidogo kilichoandikwa cha jua, cha kufunga kwenye lenzi ya kutazamia. Kivunjeni mkitupe siku hiyohiyo. Joto la jua linaweza kukipasua kichujio hicho, jicho likiwa pale pale.