Daiodi gani ununue Kariakoo: ipi ianze, ipi ifuate

Ukifika dukani Kariakoo ukasema tu "nipe daiodi" utapewa 1N4007 (daiodi ni kile kidude kinachopitisha umeme upande mmoja tu), na mara nyingi itakufaa kweli, ila kuna kazi ambazo hiyo hiyo inaungua muda mfupi tu baada ya kuwasha. Kabla hujatoa hela jua vitu vitatu: ampea ngapi zitapita, volti ngapi itazizuia, na umeme wenyewe unageuka taratibu au kwa kasi. Hicho cha tatu ndo wengi wanakisahau.

Namba moja naiweka 1N4007 bila kusita. Inabeba ampea 1 na inazuia hadi volti 1000. Muuzaji akikupa 1N4001 akakwambia ni ile ile, kwa umbo ni kweli zinafanana ila 4001 mwisho wake volti 50. Umeme wetu wa 230 kilele chake ni karibu volti 325, na ukitumia daiodi moja na kapasita basi daiodi inazuia mara mbili ya hapo, kama 650, kwahiyo hata ile ya 400 (1N4004) haifai hapo, chukua 4007 tu na bei yenyewe haitofautiani sana. Kazi yake kubwa ni kupanga nne ziwe briji, yaani ya kugeuza umeme wa AC uwe DC, kwenye transfoma ya redio au sabufa ndogo. Transfoma ya volti 12 kilele chake ni 17, daiodi mbili zinakula kama 1.4, kwenye kapasita unabaki na 15 na nusu hivi, na umeme ukipanda kidogo inapita hapo, sasa usije ukafunga kapasita ya volti 16, weka ya 25. Kazi ya pili ni kulinda saketi yenye rilei (swichi inayovutwa na koili): koili ikikatiwa umeme inarusha volti nyingi kinyume, na transista inayoiendesha inakufa, lakini 4007 moja ukiifunga sambamba na koili, ule mstari wa mwilini mwake ukiangalia chanya, tatizo limeisha. Hiyo usiache kamwe, hata kama saketi inafanya kazi bila yake leo.

Namba mbili ni Schottky, hasa 1N5822 ya ampea 3. Daiodi ya kawaida inakula volti 0.7 hadi 1, hii kwenye ampea zake 3 inakula kama nusu volti tu, na kwa mtu wa sola hiyo ni chaji inayobaki kwenye betri badala ya kuwa joto. Ukiwa unachaji betri ya volti 12 moja kwa moja toka kwenye paneli bila kontrola, iweke katikati ili usiku betri isirudishe umeme kwenye paneli. Ila angalia hapa, 1N5822 mwisho wake volti 40! Paneli ya volti 12 ikiwa haina mzigo inatoa kama 21 au 22, hiyo sawa, ya mfumo wa 24 inaweza kufika 40 kabisa kwahiyo usithubutu, tafuta ya volti 100. Tena Schottky ikipata joto inavujisha zaidi kinyume, na joto la chini ya bati hapa Dar mnalijua, ifunge kivulini penye hewa.

Namba tatu briji nzima, mfano KBPC3510, ampea 35, kwa wanaotengeneza chaja za betri za gari. Ile tundu ya katikati ni ya bolti, ifunge kwenye alumini nene, maana ukivuta ampea 10 tu inatoa joto karibu wati 20.

Namba nne FR107 au UF4007, hizi ni daiodi za kasi, kwa adapta na pawa saplai za TV ambapo umeme unakatwa maelfu ya mara kwa sekunde. 4007 ni nzito, haiwahi kufunga kabla umeme haujageuka, inachemka mpaka inakwenda shoti. Ukikuta FR imekufa rudisha FR.

1N4148 ile ndogo ya kioo ni ya signo tu, kwenye pawa usiitumie.

Mwisho zena. Ni nzuri kwa kushikilia volti kwenye saketi ndogo, lakini watu wanainunua ili wachajie simu kwenye bajaji na hapo hela imepotea. Zena ya volti 12 wati 1 inavumilia kama miliampea 83 tu, simu inataka ampea nzima au zaidi, nunua moduli ya kushusha volti.

Ukiwa dukani omba mita ya kupimia, iweke kwenye alama ya daiodi. Ya kawaida isome 0.5 hadi 0.7, Schottky 0.15 hadi 0.3, ukigeuza isisome kitu, na ikisoma pande zote mbili ni shoti. Miguu mifupi yenye mabaki ya risasi ujue imenyofolewa kwenye bodi ya zamani, na ukipewa "ya ampea 3" yenye miguu myembamba kama ya 4007 irudishe hapo hapo, ya ampea 3 halisi miguu yake ni minene na kuikunja kwa vidole unasikia kabisa inagoma.