Kinyozi aliyekataa kuninyoa

Kwa miaka kama sita nilikuwa nanyoa kwenye saluni moja kubwa ya barabarani, hapa hapa Sinza. Jina silitaji. Vioo mpaka darini, kiyoyozi, mpira kwenye televisheni, na akina dada wawili wanaosubiri umalize kunyolewa wakuvute pembeni: "Kaka, leo tukufanyie skrabu?" Unaingia na nia ya kutoa elfu tano, unatoka umeacha ishirini, uso unanukia tango na mabega yamekandwa mpaka yamelegea. Siongopi, raha nilikuwa naipata. Ukitoka pale unajiona bwana harusi.

Shida ilikuwa kisogo.

Mimi ni mtu wa kipara. Mashine sifuri kila Jumamosi, halafu mwishoni kijana anapitisha wembe kule nyuma ili mstari ukae. Vikaanza vipele viwili vitatu, pale pale nywele zinapoishia. Nikamwambia. Akapulizia spiriti ya kutosha, nikang'ata meno, tukaagana. Wiki iliyofuata vimekuwa vinane. Spiriti tena. Baada ya miezi minne vilikuwa vinundu vigumu, na kola za mashati meupe zinarudi nyumbani na madoa ya damu. Nikauliza tena, kijana akanijibu bila hata kusimamisha mashine: "Bosi, hiyo damu chafu tu. Kunywa maji mengi." Na wembe akapitisha kama kawaida. Pale walikuwa vinyozi watano, kwa nyakati tofauti wote walishanishika kichwa, na hakuna hata mmoja aliyewahi kusema tusimame kwanza.

Aliyesema ni mtu nisiyemjua. Siku hiyo nilikuwa nawahi msibani, saluni yangu imejaa, nikaingia kwenye kibanda fulani cha mtaa wa ndani. Mlangoni wamechora kichwa cha mtu mwenye panki ambaye shingo yake haieleweki. Ndani kuna viti viwili, kimoja kibovu, ndicho cha kusubiria. Ukutani lile bango la vichwa vyenye namba ambalo kila mmoja wetu amekua akilitazama, limepauka mpaka vichwa vyote vimekuwa vya rangi moja. Jamaa akanifunika, akaniinamisha, akanyamaza. Kimya kikawa kirefu. Halafu:

"Braza, hapa siwezi kukunyoa."

Nikajua anaogopa nitamwambukizia wateja. Akacheka. "Nikikunyoa nakula elfu tatu yako, lakini nakuharibia. Kaone daktari wa ngozi kwanza. Nywele ziache."

Nilikasirika, nisidanganye. Mtu mzima unafukuzwa kwenye kibanda cha mabati! Nikaenda msibani na nywele zangu za wiki mbili na hasira juu.

Lakini daktari nilikwenda. Akaniambia maneno yale yale, tofauti yake ada ya kumwona ilikuwa kubwa kuliko elfu tatu. Nywele zetu hizi za kipilipili ukizikata chini kabisa, ncha yake inakuwa kali, inajikunja na kurudi kuchoma ngozi. Ngozi nayo inavimba. Wenye ngozi kama yangu, kisogoni kovu halilali, linanyanyuka. Nikapewa dawa ya kupaka na vidonge, na masharti: wembe marufuku nyuma, sifuri marufuku, kola ngumu niachane nazo, na nisikwangue.

Nikarudi kwenye kibanda. Sasa ni miaka kadhaa.

Tangu hapo ananinyoa kwa kitana namba 1, kile kinachobakiza kama milimita 3. Kwa kuwa nywele huota kiasi cha sentimita moja na kidogo kwa mwezi, ndani ya wiki kichwa kimeshabadilika, na kuachana na kipara changu kulinisumbua kuliko nilivyotegemea. Kwa mstari wa nyuma hatumii wembe. Anageuza mashine ndogo na kuugusa kwa juu juu, basi. Na ana jambo moja ambalo kule kwenye vioo sikulipata: akimaliza anachukua simu yangu, anapiga picha kisogo changu, ananionyesha na ya mwezi uliopita. "Hiki kimepungua. Hiki bado, tusikiguse." Mke wangu siku moja alikuta picha kumi na moja za kisogo kwenye simu akaniuliza hizi unamtumia nani.

Usafi nao niseme. Saluni ile kubwa ilikuwa na kisanduku cha taa ya buluu, mashine zinalala ndani, unaona umesalimika. Taa ile haifanyi kitu mahali isipomulika, na meno ya mashine yaliyojaa mafuta na vinywele vya mteja aliyetangulia hayamulikwi yote. Huyu wangu anafungua meno, anayasugua kwa brashi, ndipo anayapitishia spiriti na kuyaacha yakauke. Nyembe anatumia kwa wateja wa ndevu tu, na kila mmoja anafunguliwa mpya mbele ya macho yako. Mtu akiona hayo ni madoido, ajue virusi vya homa ya ini aina B vinaweza kukaa nje ya mwili siku 7 na bado vikaambukiza. Wateja wake kadhaa wamenunua mashine zao, wamezifunga kwenye mifuko yenye majina na kuziacha pale rafuni. Mimi pia. Namshauri yeyote mwenye uwezo afanye hivyo hivyo, kwa kinyozi yeyote.

Sasa kasoro, maana zipo. Foleni haina mwenyewe: unaambiwa "wewe wa tatu", anatokea mtu aliyeacha kofia kwenye kiti tangu asubuhi, unakuwa wa nne. Simba na Yanga zikiwa zimecheza, mashine inazimwa katikati ya kichwa chako ili hoja itolewe kwa mikono yote miwili. Ijumaa mchana amefunga, kaenda kuswali, na kurudi kwake hakuna saa. Feni moja. Jenereta hana, wakati wa mgao, kabla mitambo ya Bwawa la Nyerere haijaanza kutoa umeme mwaka 2024, nilishawahi kurudi nyumbani nimevaa kofia ya kuazima, upande mmoja umenyolewa. Skrabu hakuna kabisa, na ukimuuliza anakuelekeza bombani. Taulo uje nalo mwenyewe, lake mimi nimelikataa na hakununa.

Bei ni 3,000 kwa mtu mzima, ndevu zikiwemo. Watoto 2,000, na mtoto akilia anasubiriwa anyamaze, hakandamizwi kichwa. Kijana wangu wa miaka minne sasa anaingia mwenyewe na kupanda kwenye ubao unaowekwa juu ya kiti.

Vinundu vinne bado ninavyo. Daktari alishaniambia hivyo huenda visiondoke. Nanyoa Jumanne asubuhi, saa mbili na nusu, kabla ya mwenye kofia.