Dishi la LHG XL 5 ac juu ya bahari: Kilwa Kivinje hadi Songo Songo

Kwa wenye haraka: nunua. Kwa linki ya kilomita 20 na ushei, na mteja mwenye mfuko wa nyumba ya wageni, si wa kampuni ya simu, sijapata dishi la bei hii linalofanya kazi kama LHG XL 5 ac ya MikroTik. Ila usilinunue ukidhani litakuondolea makelele ya hewani, yaani redio za wengine zinazoingilia yako. Makelele ni kazi yako wewe fundi, na sehemu kubwa ya haya niliyoandika inahusu kazi hiyo.

Mimi nafunga mitandao ukanda wa kusini, Somanga kwenda Lindi. Linki ninayoizungumzia inatoka Kilwa Kivinje kwenda kisiwa cha Songo Songo, kama kilomita 27, karibu yote maji matupu. Mteja alitaka intaneti ya bara ifike kisiwani kwa ajili ya wageni wake, duka lake na kamera za ulinzi (na kwa kweli kwa nusu ya kijiji inayokuja kukaa barazani kwake jioni). Kulikuwa na redio za fundi mwingine kabla yetu, kafunga kaondoka. Zilikuwa zinakamata, tena kwa signali nzuri tu, lakini mtandao ulikuwa wa kudra. Na kila aliyepita pale alimwambia mwenye nyumba kitu kilekile: huu ni mwingiliano wa mawimbi, leta redio yenye nguvu zaidi.

Tuanze na dishi lenyewe. Linakuja kwenye boksi likiwa vipande, unaliunga mwenyewe. Ni la wavu, linakuza signali kwa desibeli 27, na redio iko mbele kwenye kichwa chake, kwa hiyo kebo ya mtandao inaingia palepale na umeme wa volti 24 unapanda nayo. Hakuna kebo ya antena, hakuna viungio vya shaba vya kuvuja maji. Aliyewahi kufungua kiungio cha antena kilichokaa ufukweni mwaka mzima na kukuta uji wa kijani ndani anajua ninachosema. Wavu nao una faida yake: mnara wa kuvutwa kwa nyaya ukiutundikia dishi zima la bati, Julai kusi likivuma utausikia ukilia usiku kucha. Hili upepo unapita katikati.

Upungufu wake uko kwenye kulenga. Halina skrubu ya kusogeza taratibu kama ile ya mANT30 PA, dishi lingine la kampuni hiyohiyo. Unalizungusha kwa mkono, basi. Kijana wangu yuko juu na mkanda wa usalama, mimi niko chini na kompyuta, nimefungua Winbox (programu ya kuendeshea redio za MikroTik), nasoma signali kwa kelele (namba ni hasi, ikiwa ndogo ndiyo bora): “Sitini na tisa! Sitini na saba! Sabini na mbili, umepita, rudi!” Usifurahie kilele cha kwanza unachokutana nacho. Kila dishi lina vilele vidogo pembeni, na fundi mwenye njaa hukaza nati pale akateremka. Zungusha mpaka upite kilele kikubwa kabisa, ukione kinashuka pande zote mbili, ndipo urudi katikati. Na ukimaliza kukaza soma namba upya, maana nati ya mwisho husogeza dishi kidogo.

Hesabu ya karatasi ndiyo inayokuambia kama umelenga vizuri. Kwa kilomita 27 kwenye gigahezi 5.8, hewa inakula kama desibeli 136. Madishi mawili yanarudisha 54. Ukituma kwa dBm 22 (dBm ni kipimo cha nguvu ya signali), upande wa pili upokee karibu na -60. Ukisoma -75 hali ya hewa ikiwa shwari, usitafute mchawi kwenye masafa. Panda juu ukalenge tena.

Sasa makelele. Redio za zamani zilikuwa zimewekwa kwenye chaneli ya megahezi 80, na nguvu imesukumwa hadi mwisho. Ndivyo watu wengi wanavyofunga, kwa sababu kwenye boksi imeandikwa kasi kubwa na kasi hiyo inapatikana kwenye chaneli pana. Lakini chaneli pana ni juya: linazoa samaki pamoja na kila takataka iliyopo majini. Ukitoka megahezi 80 kwenda 20 unapunguza kelele za asili kwa desibeli 6 bila kugusa nguvu, na unapata nafasi ya kujipenyeza kati ya redio za jirani badala ya kuzilalia juu. Tena kwa mteja huyu, ambaye bando lake la bara halifiki hata Mbps 50, megahezi 80 ni za nini?

Masafa tuliyapima kila upande peke yake. Kwenye Winbox kuna menyu imeandikwa Freq. Usage, inakuonyesha kila masafa yametumika kiasi gani na kelele zikoje. Ikiwa inafanya kazi, linki inakatika, kwa hiyo usiiwashe ukiwa Kivinje kwenye redio ya kisiwani, utabaki unaangalia skrini. Weka mtu kila upande, simu mkononi. Na pima usiku, kuanzia saa moja hadi saa nne, watu wanapotazama mpira na tamthilia. Asubuhi kila mji ni msafi.

Songo Songo palikuwa kimya kabisa. Kivinje palikuwa soko. Hapo ndipo malalamiko ya mteja yalipoeleweka: kushusha video kulikwenda vizuri, ila kamera zilikuwa zinaganda na mgeni akipiga simu ya video anaonekana vipande vipande. Kelele zinazokuumiza ni zile zilizopo upande unaopokea. Kinachotoka kisiwani kinapokelewa Kivinje, sokoni. Kinachotoka Kivinje kinapokelewa kisiwani, kwenye ukimya. Anayepima kasi ya kushusha peke yake ataapa kwamba linki ni nzima. Na ukiongeza nguvu ya redio ya Kivinje, kama walivyoshauri, hujagusa ugonjwa hata kidogo.

Mwenye kelele kubwa alikuwa mtoa huduma mdogo wa palepale, antena yake ya kusambaza inaangalia upande wetu. Nilimtafuta fundi wao.

“Kaka, hii megahezi 80 mnaihitaji kweli?”

“Tumeikuta hivyohivyo.”

“Basi twende 40, wewe ukae juu, mimi nibane 20 huku chini.”

Alicheka, akafanya mbele yangu, na wateja wake wakatulia kuliko mwanzo, kwa sababu na yeye alikuwa anazisikia redio zetu za zamani. Masafa haya ni ya kuchangia. Ukipandisha nguvu na mwenzako atapandisha, mtamalizana wote. Viwango vya nguvu vinavyoruhusiwa waulize TCRA, mamlaka ya mawasiliano, kabla hujafunga, siyo baada ya kubishiwa hodi.

Umbali wenyewe, kwa taarifa yako, si adui mkubwa kivile. Mwaka 2007 Ermanno Pietrosemoli na wenzake walifikisha Wi-Fi kilomita 382 kule Venezuela, mlima hadi mlima. Lakini Wi-Fi ya kawaida ina adabu ya kusikiliza kwanza na kusubiri jibu la kila kifurushi, na adabu hiyo inakuponza kwa mbali. Hapa MikroTik wana nv2, utaratibu wao wenyewe wa kurusha, ambao unagawa zamu kwa muda: sasa wewe, sasa mimi. Haungoji hewa itulie ndipo utume. Umbali wake wa kuanzia umewekwa kilomita 30, kwa hiyo kwetu hatukugusa kitu. Onyo moja: kwenye RouterOS 7, programu endeshi ya vifaa hivi, kuna kifurushi kipya cha programu ya redio, wifi-qcom-ac, na hicho hakina nv2. Baki na kile cha zamani kinachoitwa wireless. Ukisasisha kwa pupa ukabadilisha kifurushi, linki ya bahari inarudi kuwa Wi-Fi ya sebuleni.

Baada ya hapo kasi ilikaa kwenye Mbps 70 na kitu, kwenda na kurudi. Kamera zikatulia. Halafu siku chache baada ya mwezi mpevu mwenye nyumba akapiga simu, sauti ya kukata tamaa: mtandao umelala tena.

Safari hii haikuwa usiku. Signali yenyewe ilikuwa inazama, kutoka sitini na kidogo hadi -80, inakaa chini kwa muda, inapanda yenyewe. Makelele hayafanyi hivyo. Kelele huchafua, hazipunguzi signali. Jibu lilitoka kwa nahodha wa boti inayotuvusha, mtu ambaye kwa mtandao anajua WhatsApp tu.

“Juzi mtandao ulilala saa ngapi?”

“Saa tisa na nusu alasiri.”

“Jana?”

“Saa kumi na kitu.”

“Na leo karibu saa kumi na moja. Hayo maji, fundi. Hili bamvua.”

Na kweli. Mawimbi ya redio yanasafiri njia mbili, moja kwa moja na kwa kugonga uso wa bahari. Zikifika zikiwa zimepishana vibaya, zinafutana. Maji yakipanda au kushuka, urefu wa ile njia ya pili unabadilika, na pwani yetu wakati wa bamvua, siku za maji makubwa, tofauti ya kujaa na kupwa inapita mita 3. Wimbi la gigahezi 5.8 lina urefu wa sentimita 5 tu, kwa hiyo mabadiliko madogo sana ya njia yanatosha kuua linki.

Ukiwa na linki inayovuka maji, kipimo ni hiki: andika saa inapokatika. Ikiwa ni saa zilezile kila siku, hasa jioni, hao ni binadamu wenzako. Ikiwa inasogea mbele kila siku, karibu saa nzima, inapotea wakati wa maji mafu (siku yasipojaa wala kupwa sana) na kurudi baada ya wiki mbili, usinunue redio nyingine. Nunua ratiba ya maji, au mtafute mvuvi.

Wengi hushauri kuinua dishi kidogo litazame angani ili lisione maji. Kwa umbali huu haisaidii: mwale unaotoka kwenye maji na ule wa moja kwa moja vinapishana kwa sehemu ndogo ya nyuzi moja, na dishi linaona nyuzi kadhaa. Kinachosaidia ni urefu. Madishi yalikuwa juu kabisa ya minara, kama mita 39, kwenye vishikio vilivyokuwepo, na kwa urefu huo maji yakijaa sana njia mbili zinapishana kwa wimbi zima, pabaya kuliko pote. Tukayashusha yote mawili hadi mita 30.

Mwenye nyumba hakupenda. Amelipia mnara mrefu, anaona dishi linashushwa! Lakini chini ya hapo hatuendi ovyo: katikati ya safari mgongo wa dunia unainuka karibu mita 11, na mawimbi yanataka uwazi wa mita nyingine 11 juu yake. Mita 30 zinatosha hata maji yakijaa. Na kwa urefu huo njia ya maji inafika ikiwa imepatana na ya moja kwa moja, ndiyo maana sasa nasoma -57, bora kuliko hesabu ya karatasi. Bamvua likija namba inacheza kidogo, mteja hajui. Faida ya pembeni: Kivinje, dishi likiwa chini zaidi limefichwa na minazi, linasikia redio chache za mjini.

Mengine ni ya haraka. Mikanda ya kushikia dishi tuliongeza ya kwetu, na ile tuliyouziwa duka moja la vifaa kwa jina la chuma kisichoshika kutu ilianza kutoa machozi ya kahawia kabla masika hayajaisha. Beba sumaku dukani, chuma rahisi kinanata, ingawa hata kisichonata si dhamana mbele ya chumvi. Ukipata daraja la 316 lipia. Kebo iwe nyeusi ya nje, yenye ganda la kinga na waya wa kuunganisha ardhini, na uache kitanzi chini ya dishi maji yadondokee hapo yasifuate kebo hadi kwenye plagi.

Bei siandiki, Kariakoo inabadilika na dola. Mwenye fedha zaidi, au anayevuka kilomita 40, aangalie mANT30 na redio yake pembeni. Kwa 27 ni kujichosha. Ukiagiza LHG XL, agiza matatu. La tatu liache kisiwani ndani ya boksi lake, likiwa limeshawekewa mipangilio, kwa sababu kusi likichafuka boti haziondoki Kivinje.